Pimeni Masikio Kwanza: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya na Elimu Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa, Maafisa Elimu wa Mikoa na Wakurugenzi wa Halmashauri za Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunawaandikia kuhusu watoto ambao hawasemi kama wenzao, hawageuki wakiitwa, hawatulii, au wamefika darasa la pili bila kujua herufi hata moja. Kwa nje wanafanana. Kwa ndani wana matatizo tofauti kabisa: yupo mwenye usonji (hali ya ukuaji inayoathiri mahusiano na mawasiliano), yupo mwenye ulemavu wa akili, yupo mwenye mtindio wa ubongo (tatizo la mwendo na mkao), yupo mwenye tatizo la lugha peke yake, yupo mwenye hali ya kutotulia na kukosa umakini ambayo wengi huiita ADHD, yupo mwenye kifafa ambacho hakuna aliyekiona, na yupo asiyesikia tu. Lakini kwenye daftari la zahanati na fomu ya shule wengi wao huishia safu moja, "ulemavu wa akili", au huandikwa "mtindio wa ubongo" hata kama mtoto mwenyewe anakimbia na kupanda mti wa parachichi bila kushikwa mkono.

Ombi letu ni moja. Mtoto yeyote asipewe jina la ulemavu wa ukuaji kabla hajapitishwa kwenye hatua tunazozieleza hapa chini, na hatua hizo zitengewe vifaa, muda na watu.

Tunaanza na masikio, kwa sababu huko ndiko makosa mengi yanakoanzia na ndiko ni rahisi kuyazuia. Mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema, hucheza peke yake, huwaka hasira asipoeleweka, na hageuki akiitwa. Anayemtazama kwa dakika tano ataandika usonji. Ukimuuliza mama atakwambia mtoto anasikia, wala hadanganyi: mtoto hugeuka mlango ukibamizwa, lori likipita barabarani, mashine ya kusaga ikiwashwa. Hizo ni sauti nzito. Anazozikosa ni nyembamba, sauti za s, f, sh na t, zile zinazotofautisha "saa" na "taa" au "fika" na "pika". Kwa hiyo kupiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto si kipimo. Makofi yana upepo na kivuli, na hata kiziwi kamili anaweza kugeuka.

Kipimo cha kweli kwa mtoto wa miaka minne au mitano na kuendelea ni audiometa ndogo ya mkononi yenye visikilizio. Kila sikio hupimwa peke yake, kwa mzunguko wa hezi 1000, 2000 na 4000, kwa sauti ya desibeli 20, au 25 pale ambapo shule haina chumba tulivu. Mtoto hufundishwa kwanza kutia kokoto kwenye kopo kila akisikia mlio. Asipoelewa mchezo, matokeo yake hayana maana. Aliyekosa hata mlio mmoja aangaliwe ndani ya sikio, atolewe nta au atibiwe usaha, kisha arudiwe kupimwa. Msipime siku ambayo mvua inapiga bati. Hili linaonekana dogo, lakini katika miezi ya masika kwenye madarasa yetu yasiyo na dari, darasa zima linaweza kuonekana viziwi.

Kwa watoto wachanga na wadogo wasioweza kucheza mchezo huo kipo kifaa kinachopima mwangwi unaotoka sikio la ndani. Hakimhitaji mtoto kufanya lolote zaidi ya kutulia au kulala. Kuna tahadhari moja ambayo hata wataalamu huisahau. Mtoto aliyepata manjano kali siku za mwanzo za uhai wake anaweza kufaulu kipimo cha mwangwi na bado asisikie, kwa sababu kilichoharibika ni mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Huyo apelekwe kupimwa mawimbi ya ubongo yanayojibu sauti, kwa rufaa, hata kama kifaa cha kwanza kimesema yuko salama. Vivyo hivyo kila mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu ndani ya wiki nne baada ya kupona, maana sikio la ndani linaweza kuanza kuziba kwa mfupa na nafasi ya kumsaidia ikapungua.

Mtoto kiziwi aliyewekwa kitengo cha ulemavu wa akili hafundishwi lugha ya alama wala hapewi shimesikio (kifaa cha kumsaidia kusikia), na miaka ya kwanza mitano, ambayo ubongo hupokea lugha kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote, inapita bila lugha yoyote. Hapo tunamtengenezea ulemavu wa pili ambao hakuzaliwa nao.

Baada ya masikio, kifafa. Si kila degedege huangusha mtu. Yupo mtoto ambaye mwalimu anamwita mzembe kwa sababu "anaota mchana", kumbe ana kifafa cha kuzubaa. Tofauti hujulikana hivi: anayeota mchana ukimgusa bega anazinduka; mwenye kifafa hazinduki, hukata maneno katikati, hukodoa macho, kope hupepesa, na baada ya sekunde chache, mara nyingi chini ya 20, huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Huweza kumpata mara nyingi kwa siku moja. Tabibu anaweza kumpima bila mashine: mtoto akae, ashikiwe kipande cha karatasi mbele ya mdomo, aambiwe akipulize mfululizo kwa dakika 3. Mwenye kifafa cha aina hii mara nyingi huzubaa kabla muda haujaisha. Asifanyiwe hivyo mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au pumu kali.

Na kabla ya kuandika kuwa mtoto hatulii, ulizeni anatumia dawa gani. Fenobabitoni, ambayo ndiyo dawa ya kifafa inayopatikana kwa urahisi kwenye zahanati, huwafanya baadhi ya watoto wasitulie kabisa, wawe wakali na wasishike somo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri iepukwe kwa watoto wenye matatizo ya ukuaji na tabia pale ambapo ipo dawa nyingine. Isikatishwe ghafla, kwa kuwa kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Ibadilishwe polepole na daktari. Kabamazepini ni mbadala mzuri kwa degedege nyingi, ila huzidisha kifafa cha kuzubaa, kwa hiyo aina ya kifafa lazima ijulikane kwanza.

Swali la tatu ni fupi na halina budi kuandikwa kwenye kila fomu: kuna jambo ambalo mtoto alikuwa analiweza na sasa haliwezi? Baadhi ya watoto wenye usonji hupoteza maneno machache waliyokuwa nayo, hasa kati ya miezi 15 na 24. Lakini binti aliyekua vizuri hadi kati ya miezi 6 na 18, kisha akaacha kutumia mikono na badala yake akawa anaisugua kama anayenawa, huku kichwa kikipunguza kasi ya kukua, huyo ana dalili za hali iliyoelezwa na daktari Andreas Rett mwaka 1966. Mtoto wa miaka mitatu hadi saba aliyeacha kuelewa maneno aliyoyaelewa jana huenda ana kifafa kinachoshambulia sehemu ya lugha, na kinatibika. Anayepoteza kutembea, kusema au kushika vitu ni wa rufaa ya haraka. Asipangiwe tarehe ya mwezi ujao. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU Tanzania Bara, hivyo mtoto wa namna hii apimwe VVU hata kama kadi ya mama inaonyesha alikuwa salama wakati wa ujauzito. Maambukizi huweza kuingia wakati wa kunyonyesha.

Nyanda zetu zina mambo mengine mawili yanayojificha nyuma ya jina la "ulemavu wa akili". Udongo wa milima hii una upungufu wa madini joto, na wazee bado wanakumbuka rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, lilivyokuwa jambo la kawaida kabla ya vidonge vilivyogawiwa miaka ya 1980 na 1990 na kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea. Mtoto mlegevu, mwenye ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza, choo kigumu na manjano iliyochelewa kuisha, apimwe homoni ya tezi ya shingo. Akianza tiba katika wiki za mwanzo akili yake inaokoka. Akianza baada ya mwaka, sehemu kubwa ya hasara hairudi. Jambo la pili ni pombe. Ulanzi na komoni hunywewa na wajawazito bila mtu kuwaeleza madhara yake. Mtoto aliyeathirika tumboni anaweza kuwa na mdomo mwembamba wa juu, sehemu iliyo chini ya pua iliyo bapa bila mfereji, macho mafupi kwa upana, na kutotulia kunakofanana kabisa na ADHD. Muuguzi amuulize mama kwa upole, wala asimhukumu. Akihukumiwa hatasema kweli, na mtoto ndiye atakayepotea.

Mtoto akishapita hapo ndipo usonji unapozungumziwa, na hapa ndipo tunapowaomba muda. Tathmini ya kutenganisha matatizo haya haiwezekani kwenye foleni. Inahitaji dakika 45 hadi 60, mkeka, na vitu ambavyo havigharimu: mpira, kikombe na kijiko, mwanasesere wa nguo, kigari cha boksi, na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani yenye biskuti na mfuniko uliokazwa. Mpe mtoto chupa hiyo, unyamaze, utazame.

Mwenye tatizo la lugha peke yake atakuletea chupa, atakutazama usoni, atatoa sauti, ataonyesha kwa mikono kwamba ifunguliwe. Maneno hana, lakini mazungumzo anayo. Mwenye usonji mara nyingi atakushika mkono na kuupeleka juu ya mfuniko bila kukutazama usoni, mkono wako ukiwa ndio chombo chake cha kufungulia. Au ataiacha biskuti na kuendelea kuzungusha chupa. Mwenye ulemavu wa akili atafanya kama mtoto mdogo kuliko umri wake: atalia, ataing'ata, atakutazama akitaka msaada kwa namna ya mtoto wa mwaka mmoja ingawa ana mitatu. Mwenye ADHD atajaribu kwa fujo, ataitupa, atakimbilia mpira, atairudia chupa, ataiacha tena, lakini katikati ya yote hayo anakucheka na anataka ucheze naye. Kitendo kimoja hakitoshi kuhukumu. Vitano au sita vya namna hii, pamoja na maelezo ya mzazi, hutoa picha ambayo fomu ya ndiyo na hapana haiwezi kuitoa.

Alama yenye uzito kuliko zote kwa mtoto wa miezi 18 ni kidole. Ananyoosha kidole kukuonyesha ndege angani, kisha anarudi kukutazama kama umeona? Kunyoosha kidole kuomba kitu hakutoshi. Kinachotafutwa ni kushirikisha. Mtoto anayefanya hivyo kila siku, hata kama hasemi neno, si rahisi awe na usonji.

Jihadharini na kipengele cha kutazama machoni kilichomo kwenye fomu zilizotungwa Marekani na Uingereza. Katika nyumba nyingi za Kihehe, Kibena na Kinyakyusa mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na muuguzi ni mkubwa tena mgeni. Anayepaswa kuulizwa ni mama: anapomlisha au kumchekesha, mtoto humtazama? Anamtazama dada yake wakicheza?

Lugha ya nyumbani nayo. Mtoto wa Kisafwa au Kisangu aliyeingia darasa la awali akijua Kiswahili kidogo akipimwa kwa Kiswahili ataonekana hana lugha. Tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote ambazo mtoto anazisikia. Kama bibi yake anathibitisha kuwa anasimulia vizuri kwa Kisafwa, hana tatizo la lugha; ni mwanafunzi wa lugha mpya. Apimwe na mtu anayejua lugha ya kwao, au mzazi awe mkalimani kwa maswali yaliyopangwa kabla. Na kukata udata hakumfanyi mtoto aanze kusema: udata unaweza kusumbua kunyonya na sauti chache, hauzuii maneno kuja.

Kuhusu ulemavu wa akili wenyewe, ucheleweshaji huwa wa pande zote: kutembea, kutumia mikono, kuelewa, kujihudumia, kucheza na wenzake, vyote viko nyuma kwa kiasi kinachokaribiana. Kwenye usonji mstari huwa na mabonde na vilima, mahusiano yakiwa chini kuliko uwezo mwingine. Zipo hali zote mbili kwa mtoto mmoja, tena si haba. Chini ya miaka mitano kiwango cha akili hakipimiki kwa uhakika, hivyo andikeni "kuchelewa kukua kwa ujumla" na mpange kumpima tena. Mizani inayotufaa ni ile iliyotengenezwa kwa watoto wa Malawi, majirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, inayopima miaka 0 hadi 6 kwa vyombo vya kijijini katika sehemu nne: misuli mikubwa, misuli midogo, lugha, na mahusiano. Dodoso la usonji la maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30 linasaidia pia, mradi lieleweke kuwa ni chujio: alama 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 hadi 7 mzazi anaulizwa upya kwa undani, 8 na zaidi apewe rufaa moja kwa moja. Hakuna alama katika dodoso hilo inayoruhusu mtu kuandika "ana usonji".

Mtindio wa ubongo ni ugonjwa wa mwendo na mkao. Mtoto anayependelea mkono mmoja kabla ya mwaka, anayekunja ngumi muda wote, anayepishanisha miguu kama mkasi akinyanyuliwa, au hajakaa kwa miezi 9, aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini mwili kutotii si akili kukosekana. Watoto wengi wa namna hii wanaelewa kila kinachosemwa na hawawezi kujibu kwa kuwa misuli ya mdomo haiwatii. Wekeni picha mbili mbele yake, ng'ombe kushoto na kikombe kulia, mwambieni "tazama ng'ombe", mfuateni macho. Rudieni kwa picha kumi na mbili mkibadilisha upande. Anayepata kumi au zaidi amewajibu. Kumwandikia ulemavu wa akili mtoto huyu ni kumfungia mlango wa shule ambao anaweza kuingia.

ADHD ndiyo inayotolewa kiholela zaidi mijini, na vijijini ndiyo inayochapwa viboko. Vigezo vyake ni vikali: dalili sita au zaidi za kukosa umakini, au sita za kutotulia, kwa miezi sita au zaidi, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali pawili, nyumbani na shuleni. Mtoto anayesumbua darasani pekee huenda haoni ubao, hakunywa uji, anakoroma usiku kucha kwa sababu ya nyama za pua, au ni mdogo kwa mwaka mzima kuliko wenzake wa darasa moja. Usonji na ADHD vinaweza kukaa pamoja. Tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili unaruhusu kuandika vyote viwili, na fomu zetu zinapaswa kuruhusu pia.

Sasa tunayoyaomba. Safu ya "ulemavu wa akili" kwenye fomu za halmashauri igawanywe, iruhusu kutia alama zaidi ya moja, na iwe na kisanduku cha tarehe ya kipimo cha usikivu. Kisanduku kikiwa kitupu, fomu isipokelewe. Watoto wanapoletwa kwa chanjo ya surua na rubella wakiwa na miezi 9 na 18, muuguzi aulize maswali matatu: anasikia, amepoteza lolote, na, akiwa na miezi 18, anaonyesha kwa kidole? Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa 2021 inatoa nafasi ya hili bila waraka mpya. Kila halmashauri inunue audiometa moja, na afisa elimu maalum na tabibu mmoja wafundishwe kuitumia pamoja, wasifundishwe mbalimbali.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya haiwezi kupokea kila mtoto kutoka Ludewa, Makete, Mufindi na Kalambo, na nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi mara tatu ni sababu tosha ya familia kukata tamaa. Pawe na kliniki ya mkoba mara moja kwa mwezi Mafinga, Makambako, Tukuyu, Vwawa na Sumbawanga, yenye mtaalamu wa tiba kwa vitendo, fiziotherapia na mwalimu wa elimu maalum. Jina lolote litakalotolewa hapo lipimwe upya baada ya miezi 12. Mtoto anayesubiri asikae bure: mzazi afundishwe siku hiyo hiyo kucheza naye ana kwa ana, kumpa nafasi ya kuomba, kufuata anachokipenda. Mafunzo hayo yanamfaa mtoto wa kila aina tuliyoitaja, jina litakuja baadaye.

Bajeti za mwaka wa fedha unaoanza Julai huandaliwa mapema. Tunaomba tuitwe kwenye kikao cha timu ya uendeshaji wa huduma za afya cha kila halmashauri kabla ya makadirio kufungwa, afisa elimu maalum akiwepo, ili tuonyeshe fomu iliyorekebishwa na jinsi audiometa inavyotumika.

Wenu katika huduma ya watoto,

Wauguzi, matabibu, wataalamu wa tiba kwa vitendo na walimu wa elimu maalum, Nyanda za Juu Kusini